Misungwi: tulipima dawa au tulipima kitambaa?

Mwishoni mwa Januari 2019 kaya za Misungwi, mkoani Mwanza, ziligawiwa vyandarua vya aina nne tofauti. Watafiti wa NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pamoja na wenzao wa Moshi, London na Ottawa, waliigawa wilaya katika maeneo 84 na kupiga kura, kila aina ikaangukia maeneo 21. Miaka miwili baadaye walipima damu ya watoto wa miezi 6 hadi miaka 14. Katika maeneo ya chandarua cha kawaida, chenye dawa ya jamii ya pareto peke yake, asilimia 45.8 ya watoto walikutwa na vimelea vya malaria. Katika maeneo ya chandarua kilichoongezwa klorfenapiri, dawa nyingine ya kuua mbu, asilimia 25.6. Chenye PBO, kiongezi cha kuipa dawa ya pareto nguvu, kilibaki kwenye 40.7; chenye pairiproksifeni, dawa inayomfanya mbu asizae, kwenye 37.5; na kitakwimu hivi viwili havikuonekana kukishinda kile cha kawaida.

Utafiti huo, Jacklin Mosha akiwa mwandishi wa kwanza, ulitoka katika jarida la Lancet mwaka 2022. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza klorfenapiri itumike pale mbu walipokwisha kuwa sugu. Ni nadra utafiti uliofanyika kwenye vijiji vyetu kugeuza sera ya dunia kwa kasi hiyo, na sina nia ya kuupunguzia heshima. Lakini kila nikiurudia nakwama kwenye sentensi moja ya watafiti wenyewe, ambayo haikupigiwa tarumbeta: kwamba udhaifu wa kitambaa na wa viambata, yaani dawa zilizomo, vyote viwili, huenda ulichangia PBO na pairiproksifeni kushindwa. Sentensi hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Tuanze na dawa, maana sehemu hii inapendeza hata kwa mtu asiyependa kemia. Dawa iliyoko kwenye chandarua cha kawaida ni ya jamii ya pareto, nakala ya kiwandani ya sumu inayopatikana kwenye ua lile lile linalolimwa Iringa na Mbeya. Humpiga mbu kwenye mishipa ya fahamu na kumwangusha papo hapo. Kwa miaka mingi ilifanya kazi nzuri. Uchambuzi uliotoka mwaka 2015 ulikadiria kwamba vyandarua vilichangia asilimia 68 ya matukio ya malaria yaliyoepukwa Afrika tangu mwaka 2000 kwa njia zote za kinga. Kisha mbu wakazoea. Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, leo ana vimeng'enya vingi mwilini vinavyoivunja dawa hiyo kabla haijamfikia pabaya.

Klorfenapiri inaingilia hapo hapo. Ikiwa peke yake ni dhaifu. Inahitaji kuvunjwa na vimeng'enya ndani ya mwili wa mbu ndipo igeuke kuwa sumu kali, inayokwenda kuzima uzalishaji wa nguvu kwenye mitokondria. Na vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo ni vya familia ile ile inayompa mbu usugu dhidi ya dawa za pareto. Ngao yake ndiyo inayompikia sumu. Kinachokosekana ni kasi: mbu anaweza kuchukua hadi siku tatu kufa. Kumbuka hilo, tutalihitaji mbele.

PBO hufanya kinyume kabisa: huvizuia vimeng'enya hivyo ili dawa ya pareto ipite. Ndiyo maana kuziweka PBO na klorfenapiri kwenye chumba kimoja kunaleta wasiwasi, kwa sababu moja inamnyima mbu kile ambacho nyingine inakihitaji. Majaribio yaliyofanyika Benin yameonyesha kwamba mgongano huo si wa nadharia tu. Anayepanga ugawaji, kampeni hii akileta aina moja na ijayo akileta nyingine, ajue kwamba vyandarua vya zamani havitoki nyumbani siku vipya vinapoingia.

Sasa kitambaa. Chandarua cha kawaida cha Misungwi na kile cha klorfenapiri vyote vilitoka kampuni moja, BASF ya Ujerumani, na vyote ni vya poliesta. Kwa hiyo tofauti yao kubwa ni dawa iliyoongezwa, na huo ni ulinganisho safi. Cha PBO kilikuwa Olyset Plus, na cha pairiproksifeni kilikuwa Royal Guard. Vyote viwili ni vya polietilini, nyuzi nyingine, ufumaji mwingine, na dawa imechanganywa ndani ya uzi badala ya kupakwa juu yake. Hapo hulinganishi dawa na dawa. Unalinganisha bidhaa nzima na bidhaa nzima, halafu magazeti yanaandika kwamba PBO imefeli.

Rudi nyuma miaka michache, vuka ziwa hadi Muleba, mkoani Kagera. Huko Olyset Plus ilishindanishwa na Olyset ya kawaida, yaani polietilini kwa polietilini ya mtengenezaji mmoja. Matokeo yalitoka mwaka 2018: chenye PBO kilishinda waziwazi, na hata baada ya miezi 21 bado kilikuwa mbele. Matokeo hayo yaliwafanya wanunuzi wa vyandarua duniani kuigeukia PBO. Bidhaa ile ile, nchi ile ile, kanda ile ile ya ziwa, hukumu mbili. Tofauti mojawapo ni kwamba Muleba ilipimwa dhidi ya ndugu yake, na Misungwi ikapimwa dhidi ya mgeni.

Nisiwe mwepesi mno. Anayepinga hoja hii ana majibu yenye uzito. Atasema mbu wa Misungwi, ambako Anofelesi funestasi ndiye mtawala, si lazima wawe na usugu sawa na wale wa Muleba. Atasema PBO yenyewe inaisha upesi kwenye uzi, iwe kitambaa kizima au kimechanika. Na kweli, Misungwi mwaka wa kwanza PBO ilionekana kusaidia sana, ikaja kufifia mwaka wa pili. Atasema pia, na hili ndilo jibu linaloniuma zaidi, kwamba mtoto wa Misungwi halindwi na dawa peke yake wala kitambaa peke yake. Analindwa na chandarua kilichoko kitandani. Kama Olyset Plus inachanika mapema, hiyo ni sehemu ya matokeo, si kasoro ya utafiti. Serikali hainunui molekuli.

Nakubali. Lakini ukikubali hilo huwezi tena kuishia kusema "tumepata dawa mpya". Unalazimika kuuliza kitambaa kinadumu miezi mingapi.

Jibu la Tanzania lipo. Mwaka 2020 jarida la PLOS Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia aina tatu za vyandarua katika maelfu ya kaya kwa miaka mitatu. Olyset ilidumu ikiwa inafaa kwa miaka 2.0, PermaNet 2.0, ya poliesta, kwa miaka 2.5, NetProtect kwa miaka 2.6. Lebo inazungumzia miaka mitatu, na kampeni zinapangwa kwa miaka mitatu. Angalia pia kwamba NetProtect nayo ni polietilini, hivyo si sahihi kusema polietilini ni mbovu na poliesta ni nzuri. Unene wa uzi, ukubwa wa matundu na namna ulivyofumwa vina neno kubwa kuliko jina la plastiki.

Kuna kanuni ya kuhesabu matundu. Ukubwa wa kwanza ni tundu lisilopitisha kidole gumba, la pili linapitisha gumba lakini si ngumi, la tatu ngumi lakini si kichwa, la nne linapitisha kichwa. Kila moja lina uzito wake: 1, 23, 196, 576. Jumlisha, ukipita 642, chandarua hicho hakifai tena. Mwaka jana nilikaa barazani kwa shangazi yangu, ng'ambo ya Sengerema, chandarua chake kikiwa mapajani, nikahesabu kama mtoto anayecheza bao. Tundu moja la kupitisha kichwa upande wa ukutani, 576. Moja la ngumi, 196. Sita za gumba, 138. Vidogo kumi na kimoja. Jumla 921. Upande wa ukutani tendegu lilikuwa na msumari uliochomoza, na nyuzi mbili za bluu zilikuwa bado zimenasa pale. Sehemu mbili alikuwa amezikusanya na kuzifunga fundo.

"Hicho bado kizima, baba," aliniambia. "Nimekifunga, huoni?"

Kilikuwa na miaka miwili na miezi kidogo. Kila wiki mbili alikifua kwa sabuni ya unga na kukianika juani, ingawa lebo ilisema kivulini. Watafiti wa nguo wa Leeds, Uingereza, waliochunguza vyandarua vilivyokwisha kutumika, wanasema matundu mengi hutokana na kunasa, kuvutwa na kusuguliwa. Panya na moto wa kibatari tunaopenda kuwasingizia ni sehemu ndogo. Hata hivyo kipimo kilichozoeleka katika ununuzi kimekuwa kukivimbisha kitambaa kwa shinikizo hadi kipasuke. Msumari wa tendegu hauvimbishi kitu, unanasa uzi mmoja tu. Watu wa Leeds wametunga alama nyingine inayojumlisha kunasa, kusuguliwa na namna tundu linavyopanuka. Ningependa kuiona kwenye nyaraka za zabuni.

Sasa ile kasi ndogo ya klorfenapiri. Chandarua kilichochanika, chenye dawa inayoua baada ya siku moja hadi tatu, kinamruhusu mbu aingie, ang'ate, atoke, kisha afe kesho. Kama mbu huyo alikuwa na vimelea, aliyelala ndani huenda ameshaambukizwa. Faida inakwenda kwa jirani, kwa sababu kimelea kinahitaji takribani siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla hakijawa tayari kumwambukiza mtu mwingine, na mbu huyo hatafika siku hizo. Dawa inalinda kijiji, kitambaa kinalinda aliyelala. Upande unaotetea dawa kwanza unaweza kuchukua hili kama ushindi wake: hata chandarua chenye 921 bado kinaua. Ni kweli, mradi kiwe kimetundikwa. Shangazi alikuwa analala chini ya chake. Wengi hawavumilii: kikishatoboka kinaenda kufunika vifaranga au kitalu cha nyanya, na huko klorfenapiri haimsaidii mtoto. Misungwi, kwa hesabu za watafiti wenyewe, matumizi ya vyandarua vya utafiti yalishuka hadi karibu nusu ya watu mwaka wa pili, na mwaka wa tatu yakawa chini ya robo. Pamoja na hayo, ukichukua miaka mitatu kwa jumla, klorfenapiri iliendelea kuongoza.

Upande wa dawa una ushahidi wa pili pia. Benin, katika wilaya za Cové, Zagnanado na Ouinhi, utafiti wa mtindo ule ule uliotoka 2023 ulikuta matukio ya malaria kwa watoto yamepungua kwa asilimia 46 katika miaka miwili kwenye maeneo ya klorfenapiri, ukilinganisha na ya chandarua cha kawaida. Bara lile lile, upande wa pili, mbu wengine. Nisingethubutu kumwambia waziri wa afya asubiri kitambaa bora kabla ya kununua klorfenapiri. Watu wapatao 597,000 walikufa kwa malaria mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika wasiofika miaka mitano. Kusubiri kuna bei yake.

Kasoro ya upande huu ni kudhani kwamba mbu wamelala. Klorfenapiri hutumika pia mashambani, kwenye mboga na pamba, na tayari kuna taarifa kutoka Afrika ya Kati na Magharibi za Anofelesi gambie walioanza kuivumilia, ingawa funestasi walionekana bado kufa wote. Tulikuwa na dawa moja ya kutegemea, tukaichosha. Tukiitegemea ya pili vivyo hivyo, nayo tutaichosha. Kitambaa kigumu hakina huo ugonjwa: sijasikia mbu aliyejifunza kupenya uzi mzima.

Inabaki bei, na hapa ndipo mjadala wote huamuliwa, si kwenye majarida. Wakati wa utafiti chandarua cha kawaida kiligharimu takribani dola 2, cha klorfenapiri takribani 3. Mwenye dola milioni moja anapata vyandarua 500,000 au 333,000. Kwa mtazamo huo kuongeza tena senti kwa ajili ya uzi mnene ni kuwanyima watu. Lakini gawanya kwa miaka. Chandarua cha dola 3 kinachodumu miaka miwili ni dola 1.50 kwa mwaka; cha dola 3.60 kinachofika miaka mitatu ni 1.20, na hapo sijaweka gharama ya malori, vibarua na uandikishaji wa kaya, ambayo unailipa kila unapogawa. Zabuni inayotazama bei ya kipande haiioni hesabu hiyo, kwa hiyo mtengenezaji anayefuma vizuri zaidi anajiadhibu mwenyewe.

Mimi naegemea hapa: klorfenapiri iendelee kununuliwa sasa, na mikataba ijayo iandikwe kwa bei ya mwaka wa matumizi, si bei ya kipande. Na utafiti ujao wa kulinganisha dawa uombe viwanda vifume kitambaa kimoja kwa aina zote. Viwanda vitakataa, kila kimoja kina siri zake. Basi angalau matundu yahesabiwe na namba yake iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza kando ya asilimia 25.6, ili anayesoma ajue katika tofauti hiyo msumari una sehemu gani.