Ini Jipya, Figo Zilezile

Mgonjwa aliyepandikizwa ini akishatoka manjano, familia hushusha pumzi. Figo hazina wa kuzisemea. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba ndani ya miaka 5 takriban asilimia 18 ya waliopandikizwa ini figo zao zilikuwa zimeshindwa kwa kiwango kikubwa. Naamini wengi wangeokolewa mapema, kama tusingeiamini mno kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo.

Kreatinini hutoka kwenye misuli, na ugonjwa wa ini hula misuli, hivyo namba yaweza kuonekana nzuri ilhali figo ni dhaifu. Chukua mama wa miaka 60 mwenye kilo 45. Kreatinini yake ni mikromoli 90 kwa lita, na karatasi ya maabara haina alama yoyote ya hatari. Piga hesabu kwa fomula ya Cockcroft-Gault, inayokadiria kasi ya figo kuchuja damu kwa umri, uzito, jinsia na kreatinini, unapata mililita 42 hivi kwa dakika. Mama huyu anaanza safari na figo nusu. Akiwa pia na kisukari, presha au homa ya ini C, au figo zikitetereka siku za upasuaji, mzigo unazidi.

Kisha inakuja takrolimasi. Dawa hii inalilinda ini lisikataliwe na mwili, lakini inabana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo, na mbano huo ukidumu huacha makovu. Vituo vingi hulenga nanogramu 6 hadi 10 za dawa kwa mililita ya damu mwezi wa kwanza, halafu hushusha. Kwa mwenye figo dhaifu, kusubiri kreatinini ipande ndipo dozi iguswe ni kuchelewa. Maikofenoleti, dawa nyingine ya kuzuia mwili kulikataa ini, iongezwe mapema ili takrolimasi ipungue, au baada ya siku 30 everolimasi, yenye kazi hiyohiyo, iingie, kidonda cha upasuaji kikiwa kimepona vizuri.

Kipimo chenyewe cha takrolimasi kwenye damu huharibika kirahisi. Anayemeza saa tatu usiku atolewe damu saa tatu asubuhi, kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Akishameza, namba itapanda kwa uongo, dozi itapunguzwa bila sababu, na mwili unaweza kulikataa ini.

Wagonjwa wetu wengi hupandikizwa India, kisha hurudi nyumbani, ambako duka la dawa liko karibu kuliko daktari wa ini. Diklofenaki au ibuprofeni ya maumivu ya mgongo inazibana figo ambazo tayari zimebanwa. Paracetamoli, kwa dozi aliyoidhinisha daktari, ni salama zaidi. Klarithromaisini, ya kuua bakteria, na flukonazoli, ya fangasi, hupandisha takrolimasi ndani ya siku chache. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya, na ikimalizika bila dozi kurekebishwa, takrolimasi inapanda kupita kiasi. Hata kuhara kwa siku mbili kunatosha: maji yanapungua, dawa inazidi kwenye damu. Siku hiyo asipunguze dozi mwenyewe. Anywe maji ya chumvichumvi ya kuhara (ORS), apige simu kituoni, kisha apimwe kiwango cha dawa na kreatinini kwa pamoja.