Kisukari hakianzi ukubwani jamani

Mtu akikutwa na sukari ana miaka hamsini, familia nzima inageuka daktari, acha chapati, acha soda, kila asubuhi utembee. Sawa, siwapingi, ila mi naona tunamlaumu mtu kwa mambo ambayo mengine yalianza yuko tumboni kwa mama yake.

Cheki Uingereza. Kwa sababu ya vita sukari kule ilikuwa ya mgao mpaka Septemba 1953, mgao ulipoisha watu wakaifakamia karibu mara mbili. Utafiti uliotoka 2024 ukalinganisha waliozaliwa kabla na baada, ikaonekana waliokuwa tumboni na kwenye utoto wa mwanzo enzi za mgao, hatari yao ya kisukari cha ukubwani ilikuwa chini kwa kama asilimia 35. Na hao hao walivyokua si walikula keki kama wenzao! Halafu huku kwetu mtoto wa miezi minane anapewa juisi ya paketi, eti anaipenda.

Na si kisukari tu, wala chakula tu, kuna kemikali pia zinazomharibu mtu tangu utotoni, na hapo ndo watu hawataki kusikia. Owino Uhuru pale Mombasa kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, Phyllis Omido aliyefanya kazi pale mtoto wake akaugua, kupima wakakuta madini ya risasi (lead, si ya bunduki) mwilini mwake. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, lakini ubongo wa mtoto ulioharibiwa na risasi haurudishwi na hela. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unafyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu ndo inaingia zaidi, yani njaa na sumu zinashirikiana kabisa.

Kwa hiyo vile vidonge vya kuongeza damu, vyenye hayo madini ya chuma, ambavyo wajawazito wengi wanavificha chini ya godoro (mnajijua) vina kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Kliniki nayo ijiongeze basi, wanapima presha, mkojo, damu, vizuri sana, ila wamuulize mama, mumewe naye anafanya kazi gani, maana kama ni fundi betri na anarudi na nguo zile zile za kazini anambeba mtoto, vumbi la risasi linaingia nalo ndani.