Milimita Tatu za Katriji: Tufuate Kiwanda au Hesabu?

Miongoni mwetu tunaotunza santuri za zamani hapa Mombasa kuna hoja isiyokwisha barazani: anayefunga katriji mpya, yaani kile kifaa kidogo kinachobeba sindano, kwenye mkono wa mashine ya zamani afuate kipimo cha kiwanda, au afuate hesabu za wataalamu ambazo umri wake ni mkubwa kuliko wa mashine yenyewe? Kwenye Technics SL-1200, mashine ya Kijapani ya kuchezea santuri ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1972, tofauti baina ya kambi hizi mbili ni kusogeza katriji mbele kwa karibu milimita 3 na kuigeuza kwa ndani kiasi cha digrii moja na nusu. Jambo ni dogo kwa macho, lakini limewahi kuwanunisha watu wazima.

Chanzo chake ni umbo la mkono. Mashine inayochonga santuri ya awali husogeza patasi yake kwa mstari ulionyooka kutoka ukingoni kuelekea katikati, ilhali mkono wa mashine ya kuchezea umeshikwa pembeni mahali pamoja, hivyo sindano hupita kwa tao. Ndiyo maana mkono hupindwa kichwani, na sindano ikawekwa ivuke kidogo kipini cha katikati, ili tao lile lipatane na mfuo katika sehemu mbili. Kwingineko kote sindano huenda upogo, na upogo huo huzaa mkwaruzo katika sauti. Swali ni sehemu hizo mbili ziwekwe wapi. Erik Löfgren, mmoja wa wataalamu wale, alilikokotoa mwaka 1938, na Baerwald akafikia jibu lile lile mwaka 1941, ambalo kwa santuri za inchi 12 huziweka milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati. J. K. Stevenson, mwaka 1966, aliivuta ile ya ndani hadi milimita 60.3, pale hasa ambapo santuri kubwa huishia. Technics wamekwenda ndani zaidi: ukifuata kipimo chao cha milimita 52 kutoka ncha ya sindano hadi shingo ya kichwa, yaani kile kipande kinachoshika katriji mwishoni mwa mkono, sehemu zako zitaangukia karibu na milimita 58.8 na 113.5.

Wanaofuata Baerwald wana hoja nzito. Kwa mpango wa kiwanda, mwanzoni mwa santuri kubwa sindano hukaa upogo kwa takriban digrii 2 na nusu. Kwa mpango wa Baerwald hushuka chini ya 2, na jumla ya mkwaruzo kwa upande mzima hupungua. Mtu ambaye rafu yake imejaa santuri za inchi 12, hasa akitumia sindano yenye ncha iliyochongwa kwa wembamba, anafaidika, na sioni sababu ya kumbishia.

Lakini rafu za Mombasa haziko hivyo. Kilichobaki kwa wazee wetu, na kinachouzwa kwa bahati na nasibu, ni santuri ndogo za inchi 7, zile za lebo ya Mzuri, iliyokuwa ikitolewa hapa hapa mjini, na za lebo nyingine kama hiyo, zikizunguka mara 45 kwa dakika. Muziki wake huanza yapata milimita 84 kutoka katikati na unaweza kuingia hadi 54. Maana yake ni kwamba ile sehemu ya nje ya Baerwald, milimita 120.9, iko hewani kabisa, nje ya santuri. Na kule ndani, kwenye milimita 54, mpango wake huiacha sindano upogo kwa digrii 2, ilhali wa kiwanda huiacha kwa kama robo tatu ya digrii moja. Tena hapo ndipo mfuo unapopita polepole kuliko mahali pengine popote kwenye santuri hiyo, yapata sentimita 25 kwa sekunde, kwa hivyo kila kosa huonekana kubwa zaidi.

Taarabu huumia hapo kuliko muziki mwingine. Nyimbo nyingi zilikatwa katikati na kumaliziwa upande wa pili, kwa hivyo upande wa kwanza huenda ukajazwa hadi karibu na karatasi ya lebo, na mwimbaji yumo bado katikati ya ubeti. Nimekaa na mzee mmoja wa Kibokoni tukiusikiliza ubeti wa mwisho wa santuri yake: kila “siwezi” ilitoka “shiwezi”, kila “sina” ikawa “shina”. Aliniambia, “Mwanangu, huyu hakuwa na kithembe.” Tuliitoa katriji kwenye mpango wa Baerwald tukairudisha kwenye milimita 52, tukairudia santuri ile ile, na herufi s ikarudi, si yote, lakini ya kutosha kumfanya mzee atabasamu.

Haitoshi kuwapa ushindi watu wa kiwanda, hata hivyo, kwa sababu wengi wao hutumia kipimo hicho kama kisingizio cha kutopima kitu kingine. Uzito wa sindano usiopimwa huharibu zaidi kuliko digrii moja ya upogo, na mizani ya sonara, iliyo sahihi hadi sehemu ya mia ya gramu, inapatikana kwa urahisi mjini. Hewa ya bahari hula zile nyaya nne ndogo nyuma ya katriji, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu, hadi upande mmoja wa sauti ukawa unakuja na kwenda. Na santuri yenye tundu lililokosa katikati kwa milimita moja, ikichezwa karibu na katikati, hupandisha na kushusha sauti kwa karibu asilimia 2, yaani kama theluthi ya nusu-toni. Mpigaji udi atasikika kana kwamba hakukaza nyuzi, na hakuna mpango wa pembe utakaomsaidia.

Upo pia upinzani wa haki zaidi: santuri nyingi kati ya hizi zilichezwa hotelini kwa sindano nzito, mifuo yake ya ndani imeshachakaa, na mkwaruzo tunaousikia umo ndani ya plastiki yenyewe. Hilo ni kweli kwa baadhi, na ndiyo maana s ya yule mzee haikurudi yote.

Mimi nimeweka vichwa viwili, maana kichwa cha mashine hii hufunguliwa kwa kuzungusha pete moja tu. Kimoja kimefungwa kwa milimita 52 kwa ajili ya santuri ndogo, cha pili kwa Baerwald kwa ajili ya kubwa, na kila nikibadilisha nalazimika kupima uzito upya. Nimekitia kile cha taarabu nukta ya hina ubavuni ili nisivichanganye usiku.