Kishikwambi hakichanji kuni

Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi walivyotumia makarani viligawiwa walimu. Rafiki yangu anayefundisha shule ya msingi huku Chamwino alikipokea chake akicheka hadi jino la mwisho. Ukimuuliza leo habari zake, anajibu kwa maneno mawili: "Kipo. Chaji." Yaani anakipeleka dukani kwa Mangi kuchajiwa na kukifuata jioni, na siku ya mvua hakipeleki kabisa.

Jibu hilo hunijia kila ninapowasikia watu wa hapa Dodoma wakisema vishikwambi vitamwokoa kielimu msichana wa kambi ya wakimbizi. Kambi ziko mbali, kama Nyarugusu huko Kigoma, lakini mengi yanayozihusu huamuliwa kwenye ofisi za serikali za Mtumba, kwa hiyo mjadala ni wetu pia.

Wanaovitetea hawaoti ndoto. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa vishikwambi watoto zaidi ya 2,000 wa vijiji vya Tanga, wengi wao hawajawahi kukaa darasani. Programu zilikuwa za Kiswahili na chaji ilitoka kwenye umeme wa jua. Watoto walipiga hatua kubwa katika kusoma, na washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Kambini nako, ambako mwalimu mmoja hubeba darasa la watoto kibao na kitabu kimoja hupita mikono mingi, ukichukua hoja hiyo na kuitupa utakuwa unajidanganya.

Nyarugusu yenyewe imeshaonja. Mpango wa Vodafone Foundation na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ulioanza Dadaab, Kenya, mwaka 2013 ulifika hadi huko. Darasa hupata boksi lenye vishikwambi 25, kompyuta ya mwalimu na projekta, na vifaa hubaki shuleni. Mimi napenda sana utaratibu huu wa kutokipeleka kifaa nyumbani. Kishikwambi kikiingia kwenye kibanda cha watu saba, huwa cha kaka mkubwa kabla jua halijazama, na binti atakishika akishamaliza kuosha vyombo, kama betri bado ina uhai.

Ila hapo hapo ndipo mpango unapokwama. Boksi la shuleni humsaidia aliyefika shuleni. Msichana tunayemzungumzia mara nyingi yuko porini anatafuta kuni, nje ya mipaka ya kambi, mahali ambapo wanawake wengi wameshambuliwa. Au yuko nyumbani na mtoto mgongoni. Sisi wa kanda hii kavu tunaijua hesabu hiyo kwa maji: tazama foleni ya ndoo kwenye kisima cha kijiji chochote cha Bahi asubuhi, uhesabu wavulana.

Kisha kuna lugha. Masomo yale ya Tanga hayawezi kuhamishiwa Kigoma jinsi yalivyo, kwa sababu shule za kambini hufuata mitaala ya Burundi na Kongo. Mtoto aliyetoka Kivu ya Kusini anagombana na wenzake kwa Kiswahili, anamwimbia mdogo wake kwa Kiswahili, halafu mtihani anaufanya kwa Kifaransa. Wengine huona ni ukatili. Serikali ina sababu yake: mkimbizi atarudi kwao, na Warundi wamekuwa wakirejea kwa hiari tangu Septemba 2017. Cheti kisichotambulika Bujumbura kitamfaa nini? Naukubali upande huo kuliko wenzangu wengi wanavyoukubali. Tusisahau kwamba Mazimbu, Morogoro, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walifungua shule yao ya SOMAFCO mwaka 1978, wakafundisha watoto wao kwa ajili ya nchi waliyotarajia kurudi, na hakuna aliyewaona wajinga.

Lakini Mazimbu hawakuishia kwenye madaftari. Walijenga hospitali, wakalima shamba, wakaweka mahali pa kulelea watoto wadogo. Walijua mwanafunzi ana tumbo, na wengine wana watoto. Wauzaji wa vishikwambi huruka sehemu hiyo, labda kwa kuwa majiko na malezi hayapendezi kwenye picha kama mtoto anayegusa kioo.

Bajeti ingekuwa mikononi mwangu, boksi ningelinunua, lenye masomo ya Kifaransa na Kirundi yanayofuata mtihani ambao binti ataufanya kweli. Ningepunguza boksi moja kati ya matatu, fedha zake ziende kwenye majiko yasiyotumia kuni na chumba cha kulelea watoto jirani na darasa. Halafu ningemwajiri fundi wa sola anayeishi hapo hapo kambini, maana rafiki yangu wa Chamwino bado anakifuata kishikwambi chake dukani.