Kisanduku Kimoja Kwenye Fomu ya Kazi

Mwaka 1970, Buck Green, Mmarekani mweusi, aliomba kazi ya ukarani katika kampuni ya reli ya Missouri Pacific, mjini St. Louis. Kwenye fomu alijaza ukweli: aliwahi kufungwa miezi 21 kwa kukataa kuingia jeshini. Kampuni haikuajiri yeyote mwenye hatia, isipokuwa makosa madogo ya barabarani. Akakataliwa. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ilisema sera hiyo ni ubaguzi: iliwaengua weusi wengi kuliko weupe, na kampuni haikuonyesha inahusiana vipi na kazi yenyewe. Nami nauliza, aliyekataa kwenda vitani atashindwaje kupanga mafaili?

Hata hivyo, hofu ya waajiri si ya kubuni. Huko Philadelphia, Douglas El, mtu wa miaka 55, alipoteza kazi ya kuendesha magari ya abiria wenye ulemavu baada ya ukaguzi kuonyesha kwamba alitiwa hatiani kwa kuua akiwa na miaka 15. Aliposhtaki, alishindwa mwaka 2007, ingawa majaji walieleza mashaka yao kuhusu sera ya kumnyima mtu kazi kwa kosa la zamani. Miaka 40 ni mingi, na mimi ningempa nafasi. Lakini mama anayempandisha mwanawe asiyejiweza garini ana haki ya kujua nani ameshika usukani.

Baadhi ya majimbo na miji ya Marekani yakaona dawa ni kuondoa kwenye fomu ya kazi kisanduku kinachouliza kama mwombaji aliwahi kutiwa hatiani. Hapo ndipo penye uchungu. Watafiti Amanda Agan na Sonja Starr walituma maombi ya kubuni yapatayo 15,000 New Jersey na New York. Kabla ya kisanduku kuondolewa, wenye majina ya kizungu waliitwa kwa asilimia 7 zaidi ya wenye majina ya watu weusi. Baada ya kuondolewa, pengo lilifika asilimia 43. Meneja akikosa rekodi, anasoma jina na kukisia.

Kwa hiyo nakubaliana na mwongozo wa mwaka 2012 wa tume ya Marekani ya usawa kazini: pima uzito wa kosa, muda uliopita na aina ya kazi, kisha mpe mtu nafasi ya kujieleza. Swali liulizwe, ila baada ya ahadi ya kazi. Bado hilo halimsaidii kijana mweusi asiye na kosa lolote, ambaye simu yake haikuita kabisa.