Kofia za Kiesperanto na ŋ ya Kiganda

Mganda akiandika "caayi", c moja inamtosha. Sisi wa Kiswahili tunaandika chai, kwa ch. Ndege wa kwenye bendera ya Uganda kwake ni "eŋŋaali", yenye herufi ŋ, na sauti hiyo sisi tunaiandika ng', kama katika ng'ombe. Njia ipi ni bora? Anayefundisha Kiswahili Kampala hukutana na swali hili kila siku, na lugha inayolianika waziwazi kuliko zote ni Kiesperanto, lugha ya kuundwa ambayo L. L. Zamenhof aliitoa Warszawa mwaka 1887.

Zamenhof alitaka kila sauti iwe na herufi yake. Akafikia herufi 28, sita kati yake zikiwa na alama juu: ĉ, ĝ, ĥ, ĵ, ŝ na ŭ. Wenyewe huziita herufi zenye kofia.

Wanaozipinga wana hoja nzito. Lugha iliyokusudiwa watu wote ilidai herufi ambazo matbaa nyingi hazikuwa nazo. Mwaka 1894 Zamenhof mwenyewe alipendekeza ziondolewe, wasomaji wa gazeti lake wakakataa kwa kura. Mwaka 1907 ikazuka Ido, lugha iliyotokana na Kiesperanto, inayoandika ch na sh kama sisi badala ya ĉ na ŝ.

Lakini ch na sh zina gharama yake, na hapo mimi naegemea kwa Zamenhof. Matbaa ikikosa kofia, aliruhusu h iandikwe mahali pake, kwa mfano ĝ, sauti yetu ya j, iwe gh. Sasa tazama "flughaveno", uwanja wa ndege. Ni flug na haveno, ila aliyezoea kuiona gh kama ĝ ataisoma "flujaveno". Shida hiyo tunaijua: jina Is-haka tunalitia kistari lisije likasomwa Ishaka. Kistari kile ni ushuru tunaolipa kwa kukosa herufi moja ya sh.

Ni ushuru mdogo, nakubali, na Kiswahili kimefaidika kwa kuandikika kwenye taipureta yoyote. Ila taipureta zimepita. Simu ya leo inaonyesha ŝ na ŋ bila taabu. Kinachokwamisha ni kibodi, ambapo ŋ haionekani kirahisi, na wengi wanaona heri ng'.

Ndiyo maana mwanafunzi Mganda akiniandikia "cakula", simwambii kwamba hajui kuandika. Namwonyesha ch, na namweleza kwamba c yake ina hoja.