Samaki Aliyevua Koti

Mke wangu alikuwa na zamu ya usiku. Akiwa mlangoni, mkoba begani, akaniachia maagizo: "Samaki wako kwenye friji, nimeshawapara. Kesho saa sita wapake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, wakae robo saa, kisha ukaange. Mama na mdogo wangu wanafika saa saba. Usiongeze kitu."

Hilo la mwisho ndilo lililoniponza. Mtu mzima na ndevu zangu, naambiwa nisiongeze kitu!

Nilikaa na samaki wale watatu mezani nikapiga hesabu. Ikiwa robo saa inamkoleza samaki, basi usiku kucha si utamkoleza mpaka kwenye mfupa? Nilijiona mgunduzi. Nikakamua ndimu sita kwenye sufuria ya alumini. Nikaiona chupa ya siki, nikasema huyu naye ni ndugu wa ndimu, asiachwe nyuma. Nikasaga tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Chumvi nilitia kwa kiganja, maana vijiko ni vya watu wasiojiamini.

Ndipo nikakumbuka papai bichi. Mwaka mmoja nyuma tuliwahi kupata nyama ya ng'ombe ngumu kama kandambili, mke wangu akaipaka papai lililosagwa, ikalainika hadi tukashangaa. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Kwa nyama ngumu huo ni msaada mkubwa. Ila misuli ya samaki ina nyuzi fupi, zimeshikana kwa utando mwororo ambao hata mvuke tu unauyeyusha. Kumlainisha samaki kwa papai ni kumbembeleza mtu ambaye ameshalala. Hayo nayajua leo. Usiku ule nilisaga nusu ya papai, nikachanganya, nikafunika, nikaenda kulala nikitabasamu.

Asubuhi nikafunua sufuria. Harufu, jamani, ilikuwa nzuri! Ile shombo yote imekwisha, kwa sababu asidi ya ndimu huifunga ile kemikali inayonuka. Nyama nayo ilikuwa imegeuka nyeupe pe, kama iliyochemshwa. Nikafurahi: samaki ameanza kujipika mwenyewe, gesi itapona. Ni kweli kwamba asidi huzigeuza protini za samaki karibu kama moto unavyozigeuza, ila haiui vijidudu kama moto, na ukimwacha humo saa nyingi nyama inakuwa kama chaki. Jambo jingine nililoliona ni kwamba sufuria yenyewe, iliyokuwa na weusi wa miaka ndani, ilikuwa inameremeta kama imetoka dukani. Nikapendezwa. Sikujiuliza ule weusi umekwenda wapi.

Saa sita nikabandika kikaango, mafuta yakapata moto. Nikamshika samaki wa kwanza mkia, nimwinue.

Mkia ukaja. Nyuma ya mkia ukaja uti wa mgongo, na mwisho wa uti kichwa, vimeshikana vizuri, visafi, hakuna hata uzi wa nyama. Nyama yote ilibaki chini kwenye sufuria. Samaki alikuwa amevua koti. Nikamrudisha taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu. Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu sikumgusa mkia. Nilimtia mwiko chini kwa heshima zote, akagawanyika mara nne kabla sijamfikisha kwenye mafuta.

Basi nikajiambia, kilichobaki ni sosi. Sosi nzito inaficha mengi. Nikakamua uji ule wa samaki kwenye chujio, na pembeni nikamimina asali na sosi ya soya kwenye kikaango kilekile, moto juu kabisa, kwa kuwa muda haukuwepo. Asali ni sukari, na sukari kwenye moto mkali haingoji mtu. Wajuzi huipaka dakika za mwisho, samaki akishakaribia kuiva. Yangu iliungua kabla sijapata kijiko. Nikageuza ule uji humo humo, nikakoroga, moshi ukinitoa machozi, nikaonja.

Upande wa kushoto wa ulimi niliupata uchungu wa asali iliyoungua. Upande wa kulia ndimu ilinikamata taya, jicho likafumba lenyewe. Kwa jicho lililobaki nikatafuta dawa, nikaona kopo la magadi.

Nilikuwa nakumbuka somo la sekondari kwamba magadi yanapunguza asidi. Somo lilikuwa sahihi. Nililosahau ni kile kinachotokea vikikutana. Nilitia kijiko cha chakula kilichojaa. Kikaango kikavuta pumzi, kisha povu la rangi ya udongo likapanda, likafika ukingoni, likamwagika pande zote, likatelemka jikoni likazima gesi. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, povu likidondoka kwenye vidole vya miguu, niliposikia mlangoni: "Hodi hapa!"

Mke wangu, aliyekuwa amelala chumbani tangu asubuhi, ndiye aliyewafungulia.

Nilipakua. Sikuwa na namna. Nilizungushia vipande vya nyanya ili macho ya watu yapate pa kutulia. Mama mkwe akajitilia kijiko kimoja, akatafuna, akaacha kutafuna, akatazama mbali. Magadi yalikuwa yameongeza ladha ya sabuni juu ya zile mbili za mwanzo. Shemeji yangu alinywa maji glasi nzima bila kushusha.

"Baba," mama akaniuliza kwa upole, "huyu ni samaki gani?"

Nikafungua mdomo. Mke wangu akaniwahi: "Alikuwa samaki, mama."

"Na mifupa yake? Mbona sioni hata mmoja?"

"Iko jikoni, mama," nikasema. "Mizima."

Mke wangu akainuka kwenda kuangalia. Kimya kirefu. Nikasikia mfuniko ukifunuliwa, halafu nikasikia kijiko kikigonga sufuria mara mbili, kama mtu anayepima kitu. Akarudi ameishika kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akanitazama.

"Na hii sufuria mpya umeinunua lini?"